Yadi 50 za Kocha Gregory

(Maneno niliyowaambia makocha wa kujitolea na wazazi wa timu za watoto wa jumuiya yetu, hapa Des Moines, Iowa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikiondoa vikohozi na vicheko.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi, jambo sana, habari za masiku. Vijana mliojibanza kule nyuma karibu na meza ya sambusa, nawaona, na sambusa nimezihesabu.

Nimeombwa nizungumze juu ya ukocha. Aliyeniomba bila shaka alitarajia habari za mpira wetu wa miguu, kwa kuwa ndio tunaowafundisha watoto kila Jumamosi. Nitamvunja moyo kidogo. Leo nazungumzia mpira wa wenyeji wetu, ule mpira wenye umbo la papai, unaorushwa kwa mkono na kukimbiwa nao kwapani, na bado wenyewe wanauita futiboli. Usiwaulize kwa nini. Mimi niliuliza mara moja kazini, nikapewa maelezo ya nusu saa, nikaondoka na swali lile lile.

Kazini ndiko habari hii ilikoanzia. Wengi mnajua nafanya nini: napanga viti. Katika ule ukumbi wa mikutano wa katikati ya jiji, ulio ndani ya jengo la Veterans Memorial, napanga viti vya harusi, vya mahafali, vya makongamano ya watu wa bima, kisha navipangua. Usiku mmoja mzee mmoja fundi umeme, Mmarekani wa hapa hapa, alinikuta nikinyoosha safu za mkutano wa asubuhi. Akaniuliza kama najua nimesimama wapi. Nikamjibu nimesimama kazini. Akacheka, akaniambia kwamba zamani pale palitandikwa nyasi za bandia, watu zaidi ya 11,000 wamezunguka, na kijana mmoja aliyekuwa akipanga bidhaa dukani usiku alikuwa akirusha mipira pale ambayo wenyeji hawajaisahau hadi leo. Kijana huyo nilishamsikia. Nani ataishi Iowa asimsikie Kurt Warner, aliyekuja kuwa nyota wa futiboli? Nikauliza jina la kocha wake. Mzee akalitaja taratibu, kama mtu anayemtaja marehemu wa ukoo wao: John Gregory.

Basi nikaanza kumfuatilia Gregory. Nimemfuatilia miaka kadhaa sasa, mke wangu ni shahidi na amechoka.

Alizaliwa 1938 Webster City, mji mdogo ulio mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kaskazini ya hapa. Alisoma Cedar Falls, kwenye chuo tunachokiita leo Northern Iowa. Jina la chuo hicho mliweke mfukoni, nitaliomba baadaye. Mwaka 1972 alipewa timu ya South Dakota State kule Brookings awe kocha mkuu.

Hapa lazima niwaeleze kitu kwa faida ya wageni. Futiboli ya vyuo Marekani ina madaraja. Mnayoiona kwenye televisheni ni daraja la juu: Iowa City, Ames, viwanja vya watu 60,000 na ushee, kocha analipwa kuliko gavana. South Dakota State ya miaka ile ilikuwa daraja la pili. Ni nyanda tupu, upepo hauna pa kugonga, na mwezi wa kumi na moja mpira unakuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Kocha wa daraja hilo ndiye dereva wa kwenda mashambani kutafuta vijana, ndiye anayekaa jikoni na mama wa mtoto kumwahidi kwamba mwanawe atasoma, na ndiye anayerudi usiku kutazama filamu za mechi ya wapinzani. Gregory alikaa hapo misimu 10, hadi 1981. Alishinda mechi 55, akafungwa 50, akatoka sare 3.

Mnaiona hesabu hiyo? Ni nusu kwa nusu na chumvi kidogo juu. Kwetu, kocha mwenye rekodi hiyo asingemaliza msimu wa pili, mashabiki wangeshamwimbia wimbo wa kwenda stendi. Wale walimwachia miaka 10. Ninaitaja hesabu hii kwa sababu tukisimuliana habari za makocha tunaruka moja kwa moja hadi kwenye kombe, kana kwamba mtu amezaliwa amelishika.

Kutoka hapo akavuka mpaka kwenda Kanada. Kwanza msaidizi Winnipeg, halafu mwaka 1987 kocha mkuu wa Saskatchewan Roughriders, mji wa Regina. Timu hiyo ni mali ya wananchi wa jimbo, na hali yake ilikuwa mbaya: misimu mingi mfululizo hawajaingia mechi za mtoano, na fedha zilikuwa zimekauka hadi ikabidi watu waombwe michango kupitia televisheni. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 5 tu. Wa pili, 11. Wa tatu, 1989, alishinda 9 na kufungwa 9.

Tena nusu kwa nusu. Lakini sikilizeni kilichotokea. Wakaingia mtoano wakiwa wa tatu upande wao. Wakawatoa Calgary. Wakaenda Edmonton kuwakuta wenye nyumbani waliokuwa wamefungwa mechi 2 tu kati ya 18 msimu mzima, wakawatoa nao. Fainali ya Kombe la Grey, kombe la ubingwa wa Kanada, ikapigwa Toronto dhidi ya Hamilton. Zikiwa zimebaki sekunde 44, mchezaji wa Hamilton, Tony Champion, akadaka mpira akiwa anaanguka kinyumenyume, na ubao ukasoma 40 kwa 40. Hizo ndizo dakika za lala salama, ila siku hiyo hakulala mtu. Saskatchewan wakausogeza mpira haraka haraka, akaitwa mpigaji wao Dave Ridgway, akaupitisha katikati ya nguzo kutoka yadi 35. Ikawa 43 kwa 40, saa imebakiza sekunde mbili. Jimbo lile halikuwa limeshika kombe hilo tangu 1966.

Na miaka miwili baadaye kibarua chake kikaota nyasi. Msimu wa 1991 ulianza vibaya, akafungashiwa virago katikati ya safari. Nani akamchukua msimu ule ule? Hamilton, wale wale aliowaliza Toronto. Mimi hapo nilicheka peke yangu usiku. Akawafundisha hadi 1994, halafu huko nako kukaisha.

Sasa ana miaka 56. Ameshafundisha chuo, ameshatwaa kombe la taifa zima, ameshatimuliwa. Mtu wa umri huo, kwa akili ya kawaida, anarudi nyumbani kulima mahindi. Gregory alirudi nyumbani kweli, ila hakurudi kwenye mahindi. Alirudi kwenye jengo ninalopangia viti.

Kuna bwana mmoja aitwaye Jim Foster. Mnamo 11 Februari 1981 alikuwa New York, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, akitazama mechi ya soka la ndani, soka letu hili lililofinyangwa likatoshea kwenye uwanja wa hoki. Akachukua bahasha, akaanza kuchora juu yake: je, futiboli nayo ikifinyangwa? Mchoro huo ndio uliozaa ligi ya arena, yaani futiboli ya ndani ya ukumbi, iliyoanza 1987 na timu nne: Chicago, Denver, Pittsburgh na Washington. Hebu tulitaje jambo hili wazi, maana huwa halitajwi: mchezo huo wa Kimarekani umezaliwa na mtu aliyekuwa akitazama soka.

Nieleze ukubwa wa viwanja, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa sababu habari yote iko humo. Uwanja wa kawaida wa futiboli una urefu wa yadi 100, upana wa yadi 53 na kidogo, wachezaji 11 kila upande. Wanapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Huo ndio uwanja wa Brookings. Kanada uwanja ni mkubwa zaidi: yadi 110 kwa 65, wachezaji 12, na nafasi ni tatu tu. Hata akili ya kuushambulia ni nyingine: ukikosea mara moja tayari uko ukutani. Huo ndio uwanja wa Regina na Hamilton. Na arena? Yadi 50. Upana futi 85, kama mita 26 hivi. Wachezaji 8. Pembeni hakuna mstari wa chaki wa kukuokoa, kuna ukuta uliofungwa magodoro, na mchezaji akisukumwa anaweza kuangukia mapajani mwa mama aliyenunua bisi. Nyuma ya goli, kila upande wa nguzo, umetundikwa wavu. Mpira uliokosa ukiugonga wavu unarudi uwanjani, na mchezo unaendelea. Kuupiga mpira mbali kwa mguu ili kujiokoa hakuruhusiwi. Na kwa miaka mingi sheria iliwataka wachezaji wengi washambulie na kulinda pia, mtu mmoja kazi mbili, isipokuwa wachache kama kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi.

Mtu amefundisha kwenye yadi 100, akaenda kwenye 110, akaishia kwenye 50. Kwa macho ya dunia hiyo ni ngazi ya kushuka. Na kuna waliomwona hivyo, sina shaka. Ligi ilionekana kama sarakasi. Muziki unapigwa, moshi unafuka, matokeo ni kama ya mpira wa kikapu. Foster mwenyewe alianzisha timu hapa mwaka 1995, akaiita Barnstormers. Jina hilo ni la marubani wa zamani waliozunguka vijijini na vindege vyao wakifanya vituko angani kwa viingilio. Uwanja wao ukawa Veterans Memorial Auditorium, jengo lililofunguliwa 1955, ambalo wenyeji walikuwa wakiliita Ghala. Akamtafuta kocha. Akampata Gregory.

Na Gregory akamhitaji kwotabeki.

Wangapi humu wamewahi kufanya zamu ya usiku ya kupanga bidhaa dukani? Inueni mikono. Naam. Nusu ya chumba. Basi Warner ni mwenzenu. Mwaka 1994 alikuwa akipanga rafu kwenye duka la Hy-Vee kule Cedar Falls, dola 5 na senti 50 kwa saa. Alikuwa akiishi na mchumba wake mwenye watoto wawili, na nyumba ile iliwahi kula kwa stempu za serikali, karatasi ambazo baadhi yetu tunazikumbuka vizuri kuliko tunavyopenda kukiri. Mchana alikwenda mazoezini kwenye chuo chake cha zamani. Chuo gani? Kile nilichowaomba mkiweke mfukoni: Northern Iowa, alikosoma Gregory.

Hapa ndipo ninapogombana na wasimuliaji wengi. Wao husema Gregory alikuwa na jicho, aliona almasi kwenye rafu za duka. Maneno matamu, lakini jicho walikuwa nalo wengi. Makocha wa Northern Iowa walimwona; walimkalisha misimu, akasugua benchi hadi mwaka wake wa mwisho, 1993, na alipopewa timu akawa mshambuliaji bora wa mwaka wa kanda yao. Green Bay Packers, timu kubwa kabisa ya NFL, ile ligi kuu ya kulipwa ya futiboli, walimwona pia. Walimwita kambini 1994, wakamtazama, wakamwambia asante. Hawakuwa vipofu. Walikuwa na kwotabeki wao nyota, Brett Favre, na mbele ya Favre hakuna kijana wa Cedar Falls atakayepewa dakika. Warner aliwakosa watu wa kumpa dakika za kucheza.

Dakika ndizo alizokuwa nazo Gregory. Jina la ligi kubwa hakuwa nalo, wala fedha. Alikuwa na yadi 50 na msimu mzima wa kukosea.

Tena msidhani kijana aliingia akang'aa siku ya kwanza. Mchezo ule ulimchanganya. Kwenye uwanja mkubwa kwotabeki anarudi nyuma hatua tano au saba, anatazama kushoto, anatazama kulia. Kwenye arena ukirudi hatua saba umeshauegemea ukuta. Watu wanaokukimbilia wamekufikia kabla hujavuta pumzi, na mwanya wa kupitisha mpira ni mwembamba kama wa kupitisha mkono kwenye nondo za dirisha. Inabidi uamue kabla hujajua kwamba umeamua. Warner mwenyewe amesema mara kadhaa kwamba ligi ile ndiyo iliyomfundisha kuamua haraka. Msimu wa 1995 timu ilishinda 7, ikafungwa 5. Wa 1996 ikashinda 12, ikafungwa 2. Wa 1997 ikashinda 11, ikafungwa 3. Misimu mitatu, mtu yule yule nyuma ya mpira, kocha yule yule kwenye benchi la ufundi. Katika misimu hiyo Warner alirusha tachidauni 183, yaani mipira iliyozaa bao. Mia moja themanini na tatu! Kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu wa kucheza chuoni.

Makombe je? Hawakupata. Naona mnashangaa, lakini ndiyo hivyo. Mwaka 1996 fainali ilichezwa hapa hapa, kwenye Ghala, watu 11,411, na Tampa Bay Storm wakawafunga 42 kwa 38. Kocha wa Tampa alikuwa Tim Marcum, na huyo alikuwa mfalme wa ligi hiyo; katika maisha yake alitwaa makombe saba ya arena, kwa Denver, Detroit na Tampa. Mwaka uliofuata fainali ikawa Phoenix, na Arizona Rattlers wakashinda 55 kwa 33. Gregory akarudi Des Moines mikono mitupu mara mbili.

Halafu ndiyo yakaja yale mnayoyajua. Chicago Bears walitaka kumjaribu Warner mwaka 1997, akaumwa na mdudu, inasemekana buibui, kwenye kiwiko cha mkono wa kurushia, tena akiwa fungate. Mtu wa pwani angesema kijana ana mkosi, apelekwe kwa mganga. St. Louis Rams wakamchukua, wakampeleka kwanza Amsterdam akacheze kule majira ya kuchipua ya 1998, wakamrudisha akasugua benchi tena. Agosti 1999 kwotabeki wao Trent Green akaumia goti. Wakamgeukia mpanga rafu. Msimu huo alirusha tachidauni 41 na akawa mchezaji bora wa ligi, na 30 Januari 2000, Atlanta, wakaifunga Tennessee Titans 23 kwa 16 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL. Alirusha yadi 414 siku hiyo, zaidi ya yeyote aliyemtangulia kwenye mechi ile kubwa. Mwaka 2017 akaingizwa kwenye jumba la heshima la futiboli. Hapo nimepita mbio kwa makusudi. Hiyo mmeisikia, na watoto wenu wanaijua kuliko mimi.

Ninachotaka mtazame ni kule aliko Gregory usiku ule wa Januari. Yuko kwenye arena bado, anajiandaa kwa msimu wake wa sita na Barnstormers. Kabla ya msimu wa 2001 timu iliuzwa ikahamishiwa New York ikabadilishwa jina, akaenda nayo. Miaka ikapita, jina la Barnstormers likafufuliwa hapa Des Moines, na mzee, mwenye umri wa kubembeleza wajukuu, akarudi tena kusimama kando ya ule ukuta wa magodoro. Ligi yenyewe ilikuwa ikifa na kufufuka: msimu wa 2009 ulifutwa kabisa kwa ukata, ikarudi 2010, ikazima tena 2019. Kufundisha ndani ya ligi kama hiyo ni sawa na kufuga kuku kwenye nyumba ya kupanga. Hujui lini mwenye nyumba atakuja.

Wala hakuwa peke yake. Nilipochimba nikakuta kundi zima la wazee wa namna hiyo. Perry Moss alikuwa kocha mkuu wa chuo cha Florida State mwaka 1959, msimu mmoja tu, akaondoka kwenda Montreal, na baada ya miaka 30 ndipo alipokuja kutamba kwenye arena, kombe akiwa na Detroit 1990 kisha misimu mingi Orlando. Mouse Davis naye, mzee mfupi wa Oregon, ndiye aliyekuwa kocha wa Portland State siku ile ya 1980 walipowafunga Delaware State 105 kwa 0. Si kosa la ulimi, mia moja na tano. Davis alikuwa muumini wa kurusha mpira kila wakati na kuwaacha wapokeaji wabadili njia kadiri wanavyomwona beki, na alipokaribia miaka 70 akaja kuongoza Detroit Fury kwenye arena, mahali ambapo kila mtu anarusha mpira kila wakati. Nadhani alijisikia yuko nyumbani. Wote hawa walitoka vyuoni, wakazunguka, wakaishia chumba kidogo, na hakuna aliyeonekana kulia.

Sasa niwageukie ninyi, na nianze na nafsi yangu, maana kidole kikimnyooshea mwenzako vitatu vinakutazama.

Sisi tunafundisha watoto wa miaka 10 hadi 14. Uwanja wetu ni nusu uwanja, magoli ya kukunja, wachezaji saba kila upande. Ni arena yetu. Na mimi, kwenye arena hiyo, msimu uliopita nilifanya kazi kama Green Bay. Nilipomaliza kusoma habari za Gregory nilichukua daftari langu la mechi nikajumlisha dakika za kila mtoto. Kuna kijana mmoja kwenye timu yangu, jina namhifadhia, baba yake yumo humu na tumeshazungumza. Msimu mzima, mechi 10, nilimpa dakika 9. Dakika tisa! Mazoezini hakukosa hata siku moja. Baba yake anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, anamleta uwanjani bila kulala, anasinzia kwenye gari hadi filimbi ya mwisho. Na mimi namwambia mtoto, subiri kidogo, tukiongoza mabao matatu utaingia.

Hatukuongoza mabao matatu.

Nikajitetea kwa kusema tulikuwa tukitafuta kombe. Kombe gani? Lile la plastiki lililo juu ya friji yangu, ambalo mwanangu anawekea penseli. Gregory alikuwa ameshatwaa kombe halisi la Kanada, na bado alipokuja kwenye yadi 50 alimpa mpira mtu asiye na rekodi, akamwacha akosee, wiki iliyofuata akampa tena. Najua mtasema yeye hakuwa na mwingine. Huenda. Lakini makocha wengi wasio na mwingine nao hubadilisha kikosi kila Jumapili hadi hakuna anayejua namba yake. Yeye alikaa na mtu mmoja misimu mitatu, fainali mbili za kufungwa zikiwa ndani yake.

Mama mmoja alinipinga hapa wiki iliyopita, na nampa haki yake mbele yenu. Alisema dakika za bure humharibu mtoto, kwamba anayejua ataingia hata asipojituma hatajituma. Ni kweli, na Gregory hakugawa dakika kama pipi. Warner aliingia kambini akashindania nafasi. Ila kuna tofauti kati ya mtoto asiyejituma na mtoto ambaye kocha hajawahi kumtazama akicheza muda wa kutosha kujua kama anajituma. Wa kwanza mwambie ukweli. Wa pili hujui chochote juu yake, na kosa ni la daftari lako.

Gregory alifariki 2022, akiwa na miaka 84. Jengo lipo. Ukarabati uliokamilika 2012 uliligeuza kumbi za mikutano, zulia limefunika pale palipokuwa na nyasi, kuta mpya zimesimama katikati. Usiku mmoja nilijaribu kuzihesabu zile yadi 50 kwa hatua, nikianzia kwenye jukwaa. Nilifika hatua ya 31 nikagonga ukuta wenye kabati la vitambaa vya meza. Msimamizi wangu alinikuta nimesimama pale nikitazama ukuta, akaniuliza kama naumwa.

Basi. Jumamosi tunaanza saa tatu asubuhi, mvua isiponyesha, na ikinyesha ndogo tunacheza vilevile. Yule kijana wa dakika 9 anaanza, namba mbili, na hatoki hadi mapumziko hata akifungisha. Baba yake nimemwambia siku hiyo asilale kwenye gari. Daftari la dakika nimechapisha nakala 14, ziko mezani; kila kocha achukue moja kabla hajachukua sambusa, na si kinyume chake.